Lubumbashi: Kunakili programu ni wizi, lakini mwizi si mwanafunzi peke yake

Kila mwaka, siku za kutoa kazi za mwisho wa masomo zinapokaribia, vibanda vya kupiga chapa na kutoa fotokopi vilivyo karibu na vyuo vya Lubumbashi hujaa watu. Mwanafunzi anafika na flashi mkononi, anaomba TFC yake ipangwe vizuri, itolewe kwenye karatasi na kufungwa. Akiwa pale, anaomba pia awekewe Windows mpya ndani ya mashini yake, awekewe Office, awekewe AutoCAD, na kama anasoma jiolojia au uchimbaji wa madini, programu moja au mbili za kuchora machimbo. Kama umeme wa SNEL haukukatika, kazi inaisha mapema. Anatoa faranga elfu chache, anarudi nyumbani. Hakuna leseni iliyonunuliwa, hakuna risiti iliyoandikwa, na kati ya watu hao wawili hakuna anayejiona kuwa mwizi.

Lakini kwa sheria, kosa limetendeka. Kongo ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, unaolinda kazi za waandishi, tangu miaka ya 1960, muda mfupi baada ya uhuru. Sheria ya nchi juu ya haki za waandishi ilitiwa sahihi tarehe 5 mwezi wa nne 1986, wakati wa Zaire, na ilifikiriwa kwanza kwa ajili ya vitabu, nyimbo, filamu na michoro. Kompyuta wakati huo zilikuwa za makampuni makubwa na mabenki. Leo programu ya kompyuta inahesabiwa duniani kama maandishi: kuna mtu aliyeketi akaandika mistari yake mmoja mmoja, kama vile mwandishi wa kitabu anavyojaza ukurasa. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 ikaongezwa Sheria ya Kidijitali, ile wanasheria wanayoiita Code du numérique, inayogusa huduma za mtandaoni, maandishi ya kielektroniki, ulinzi wa habari za watu na makosa yanayofanyika kwa njia ya kompyuta. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kueleza karatasi hizo zinamtaka mwanafunzi wa Kasapa afanye nini kesho asubuhi.

Majibu yanayosikika mjini ni mawili, na yote mawili yanasimama katikati ya njia. La kwanza ni la wenye kusema wizi ni wizi: aliyenakili programu ni sawa na aliyeiba nyaya za shaba, basi afungwe. La pili ni la kifungu cha 15, ile sheria isiyoandikwa popote ambayo kila Mkongomani anaijua: jitafutie mwenyewe. Kwa hao wa kifungu cha 15, aliyenakili hakumnyang'anya mtu kitu, kwa sababu mwenye programu bado anayo, na isitoshe ni tajiri wa Marekani ambaye hajui hata kama Katuba ipo.

Wa kwanza hawataki kuhesabu bei. AutoCAD inauzwa karibu dola 2,000 kwa mwaka mmoja, na mwaka ukiisha unalipa tena. Windows 11 ya nyumbani peke yake ni dola 139 kwa bei ya Marekani, na mara nyingi hiyo inakaribia au kupita bei ya mashini ya mtumba inayotakiwa kuibeba. Programu za migodi ziko juu zaidi; hizo zinahesabiwa kwa maelfu mengi ya dola na hutengenezewa mikataba ya makampuni, si mtu mmoja mwenye kompyuta moja. Na hata mwanafunzi ambaye mjomba wake amemtumia pesa, atalipa kwa njia gani? Duka la mtandaoni linataka kadi ya benki ya kimataifa. Yeye ana simu na namba ya pesa za simu. Bei iliyopangwa kwa mtu wa Houston au Toronto inaletwa jinsi ilivyo mpaka Lubumbashi, kisha watu wanashangaa kwamba hainunuliwi.

Wenye programu wenyewe wanajua jambo hilo zamani. Mwaka wa 1976 Bill Gates, akiwa bado kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani akiwalaumu kwamba wengi wao wananakili programu yake bila kulipa. Miaka 22 baadaye, mwaka wa 1998, mtu huyo huyo, sasa tajiri kuliko wote duniani, aliwaambia wanafunzi wa chuo kikuu kimoja kwamba Wachina wananakili programu, na kama ni lazima wanakili, basi heri wanakili zile za kampuni yake. Watazoea, na siku moja itapatikana njia ya kuwatoza. Maneno hayo yalichapishwa, hayakuwa siri ya chumbani.

Mtu akiyaweka maneno hayo karibu na kibanda cha Kasapa, anaona biashara nzima inavyotembea. Mwanafunzi anajifunza miaka mitano kwenye programu ya kraki. Anamaliza, anapeleka barua ya kuomba kazi Kolwezi, Likasi au Fungurume. Kampuni ya migodi inataka mtu anayejua programu hiyo hiyo, na kampuni ndiyo inayolipa leseni, kwa bei kamili, mwaka baada ya mwaka. Aliyemfundisha mfanyakazi huyo ni nani? Kibanda. Nani aligharimia masomo? Familia yake. Mwenye programu amepata mji mzima wa mafundi waliozoea bidhaa yake bila kutoa hata senti moja. Ukimwita mwanafunzi mwizi, sema pia kwamba aliyeibiwa alishaingiza wizi huo kwenye hesabu zake.

Hata hivyo, wa kifungu cha 15 wasifurahi haraka. Kraki ina bei yake, ila hailipwi kwenye meza. Karibu kila kraki inaanza na agizo moja: zima kwanza kinga ya virusi. Mtu anafungua mlango wa nyumba yake usiku, anamkaribisha asiyemjua, halafu anashangaa asubuhi. Ndani ya mashini hiyo kuna TFC ya miaka, picha za familia, nywila za mitandao, na siku hizi hata hesabu za duka la mama. Mwezi wa tano 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100, hospitali za Uingereza zikiwamo, vikidai malipo ili faili zifunguliwe. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa huo miezi miwili kabla. Waliopona ni waliokuwa wamepokea dawa. Waliozima masasisho, kwa sababu ya kraki au kwa sababu ya kuogopa kumaliza mega, walibaki wazi.

Na jambo hilo limekuwa kubwa zaidi sasa. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inakataa mashini nyingi za zamani, zile hasa zinazoingia Lubumbashi kwa njia ya mtumba kutoka Dubai, Ulaya na Afrika Kusini. Mashini haijafa, inawaka vizuri, lakini aliyeiunda programu yake ameamua kwamba imezeeka. Ofisi za serikali, shule, zahanati na maparokia yenye mashini hizo yamebaki na mambo matatu ya kuchagua: kununua nyingine, kukaa bila kinga, au kutumia programu nyingine kabisa. Kwa kuwa hakuna anayesema lolote, wengi wamechagua la pili bila kujua kwamba wamechagua.

Lakini mtu anayeumizwa kuliko wote na desturi ya kunakili hayupo Marekani. Anakaa Kampemba, au Bel-Air, na amesoma informatiki hapa hapa, UNILU, Salama au ISS.

Chukua mfano wa kijana anayeunda programu ya kusimamia shule: malipo ya wanafunzi, alama, ripoti za mwisho wa muhula. Amelala saa nane za usiku kwa miezi minane, akifanya kazi umeme unaporudi. Anaiuza kwa shule moja ya Katuba, kwa bei ndogo, kwa sababu ndiyo shule ya kwanza na anataka jina. Prefe anafurahi. Kwenye mkutano wa wakubwa wa shule anampa mwenzake wa Ruashi nakala ndani ya flashi, kwa moyo mweupe kabisa, kama vile mtu anavyomgawia jirani chumvi. Wa Ruashi anampa wa Kenya. Mwaka unapoisha, shule kumi zinatoa ripoti kwa programu ya kijana huyo na yeye amelipwa mara moja. Siku programu inapokosea hesabu, ndipo wote kumi wanakumbuka namba yake ya simu.

Huyo hakuweka wizi kwenye hesabu zake. Hana kampuni ya Kolwezi itakayomlipa kesho kwa sababu shule za Katuba zimezoea bidhaa yake leo. Hana wanasheria. Nakala tisa zile ndizo zilikuwa mshahara wake wa mwaka wa pili, pesa za kurekebisha makosa na kuajiri mwenzake mmoja. Anapoacha na kwenda kufunga nyaya za intaneti kwenye machimbo, mji unapoteza programu iliyotengenezwa kwa ajili ya shule za mji huo, yenye kujua namna pesa za shule zinavyolipwa vipande vipande hapa, na unabaki kungojea ya kigeni ambayo haijui. Hapo ndipo neno wizi linapata uzito wake wote, na ni ajabu kwamba wale wanaolitamka kwa sauti kubwa juu ya Windows hawalitamki kabisa juu ya programu ya kijana wa Kampemba.

Lubumbashi inaijua hasira ya namna hii kupitia muziki. Wanamuziki wamelalamika miaka na miaka kwamba nyimbo zao zinachezwa kila mahali na mfuko wao uko mtupu. Ndiyo sababu kulikuwa na SONECA, na baada yake, tangu 2011, SOCODA. Waandishi wa programu hawana hata wimbo wa kuwafanya wajulikane. Mwenye uvumbuzi wa mashini au chombo naye anaangukia sheria ya mali ya viwanda ya tarehe 7 mwezi wa kwanza 1982, ambayo milango yake iko wizarani, Kinshasa. Roboti za kuongoza magari za mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, zilizosimama kwenye barabara za Kinshasa tangu 2013, zilionyesha dunia kwamba Mkongomani anaweza kuunda chombo chenye programu ndani yake na kikafanya kazi kwenye jua na mvua. Mwenye wazo la namna hiyo huko Lubumbashi anaanza kwa kuhesabu bei ya tikiti ya ndege.

Kuna jambo ambalo kijana huyo angeweza kufanya bila kwenda Kinshasa, nalo ni kuandika mkataba. Wengi wanaunda programu kwa maneno ya mdomo. Mteja anaamini amenunua programu yote, na maandishi yake ya ndani, na haki ya kumpa yeyote. Mwenye kuunda anaamini ameuza ruhusa ya kuitumia katika shule moja tu. Wote wawili wanasema ukweli kwa jinsi walivyoelewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na karatasi mbili zilizotiwa sahihi na pande zote zingeokoa ugomvi mwingi: programu ni ya nani, inawekwa kwenye mashini ngapi, nani anarekebisha ikiharibika na kwa bei gani. Vyuo vinavyofundisha informatiki vinaweza kufundisha mkataba huo kwa siku moja. Ni ajabu mtu anatoka shule akijua lugha nne za kompyuta na hajui kuandika ukurasa mmoja wa kulinda alichoandika.

Swali la nani mwenye programu linakuwa kubwa zaidi linapofika kwenye makampuni na serikali. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 juu ya kazi ndogo zinazotolewa na makampuni makubwa, ile inayosimamiwa na ARSP, inataka kazi hizo zipewe makampuni ambayo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Nia ni nzuri, na huko Haut-Katanga imefungua milango. Lakini kampuni ya Kikongomani inayopewa kazi ya kuweka mfumo wa kompyuta kwenye mgodi mara nyingi inauza leseni za mtu mwingine. Jina kwenye ankara ni la Lubumbashi. Sehemu kubwa ya pesa inaendelea na safari. Kuhesabu mtaji wa kampuni bila kuuliza programu ni ya nani ni kuhesabu magunia bila kufungua hata moja.

Upande wa serikali, nchi nzima iliguswa na jambo hilo tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018. Siku hiyo wapiga kura walisimama mbele ya mashine zilizotengenezwa na kampuni ya Korea Kusini, Miru Systems, na mashine za kampuni hiyo zilirudi tena mwezi wa kumi na mbili 2023. Wapinzani walibadilisha herufi moja tu ya jina lake la Kifaransa, mashine ya kupiga kura ikawa mashine ya kuiba. Kama ziliiba au hazikuiba si jambo la kuamuliwa hapa. La muhimu ni kwamba raia, hata aliyesoma informatiki, hakuwa na njia ya kufungua maandishi ya programu na kujionea mwenyewe, kwa sababu maandishi hayo ni mali ya aliyeyatengeneza. Katika kura ya karatasi, shahidi wa chama anahesabu pamoja na wengine, kwa macho yake. Ndani ya programu iliyofungwa, anaambiwa aamini. Hapa mali ya akili ya kampuni moja imekaa juu ya haki ya raia ya kujua, na hakuna aliyeulizwa kama anakubali.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na mfano uko ndani ya nchi hiyo hiyo. Wizara ya Afya inakusanya takwimu za zone za afya, ambazo ni 519 nchi nzima, kupitia DHIS2, mfumo ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. DHIS2 ni programu huria. Maandishi yake yako wazi, hailipiwi leseni, na mtaalamu wa Kongo anaruhusiwa kuifungua, kuibadilisha na kumfundisha mwenzake. Pesa zinazotumika zinalipa mafunzo, mashini, intaneti na mishahara, yaani sehemu kubwa yake inaweza kubaki nchini. Haina maana kwamba mambo yote ya takwimu za afya ni mazuri; muulize muuguzi yeyote asiye na mtandao. Lakini likiharibika jambo, anayetaka kujua sababu anaruhusiwa kuitafuta.

Kuna pia hadithi ya M-Pesa, ambayo kila mtu anaitumia na wachache wanaijua. Neno pesa ni la Kiswahili. Huduma ilianza Kenya mwezi wa tatu 2007 na ikaingia Kongo kupitia Vodacom mwaka wa 2012. Wakenya ndio walioikuza, mawakala wa Nairobi na Kisumu ndio walioifanya iaminike. Lakini jina na mfumo vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ilikuwa ikilipa kila mwaka kwa ajili ya kuvitumia. Mwaka wa 2020 tu Safaricom na Vodacom waliungana kuvinunua. Hata hapo, Vodacom yenyewe mwenye hisa nyingi ni Vodafone, kwa hiyo mali imerudi Afrika ikiwa na mguu mmoja bado London.

Wakati huo huo, makampuni makubwa ya akili bandia yameonyesha kwamba kunakili si tabia ya maskini peke yake. Gazeti la New York Times liliishtaki OpenAI mwishoni mwa 2023 kwa kutumia makala yake bila ruhusa. Mwezi wa tisa 2025 kampuni ya Anthropic ilikubali kutoa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilichukuliwa kutoka kwenye maktaba za mtandaoni za nakala haramu. Mwanafunzi wa Kasapa naye huchukua vitabu kwenye maktaba za namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wao, walipokamatwa, walikuwa na dola bilioni moja na nusu za kumaliza maneno.

Basi mji ufanye nini? Kufukuza wenye vibanda kungekuwa rahisi na kungekuwa upuuzi. Vibanda ndivyo mtandao wa kweli wa kusambaza programu Lubumbashi, kwa sababu mega ni ghali na kushusha faili kubwa kwa simu kunamaliza pesa ya chakula. Kitu cha kubadilisha ni kile kilichomo ndani ya flashi.

Programu huria zipo tangu zamani. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983, Linus Torvalds akatoa Linux mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi wa Helsinki. Leseni zao zinasema kinyume cha zile za AutoCAD: nakili, mpe jirani, fungua, badilisha. Kwa mwenye kuandika TFC, LibreOffice inatosha. Kwa ramani, QGIS inatosha, na hata zaidi ya kutosha. Kwa takwimu kuna R na Python, ambazo watu wa vyuo vikuu vya Ulaya wanazitumia kila siku bila aibu. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kuongea Kiswahili, kabla Microsoft haijaleta ya kwake. Hawakuomba ruhusa kwa yeyote, kwa kuwa leseni ilishawapa. Mtu wa Katuba angecheka baadhi ya maneno ya Kiswahili kile cha pwani, lakini leseni hiyo hiyo ingemruhusu kuweka ya kwake.

Kuna wasiokubali, nao wana hoja. Mhandisi anayetafuta kazi Kolwezi hataulizwa juu ya QGIS peke yake, ataulizwa juu ya programu za migodi zenye majina, na hakuna programu huria inayochukua nafasi ya zote hizo. Ni kweli. Lakini hata huko kuna njia ya halali ambayo haitumiki inavyopaswa. Autodesk inawapa wanafunzi AutoCAD bure kwa mwaka mmoja unaoweza kurudiwa, mradi wathibitishe kwamba ni wanafunzi. Microsoft inazipa shule Office ya mtandaoni bila malipo. Wauzaji wengi wa programu za jiolojia wana leseni za vyuo kwa bei ya chini sana, wakiombwa na chuo chenyewe. Kwa hiyo wako wanafunzi wanaoiba kitu ambacho wangepewa. Kinachotakiwa mara nyingi ni anwani ya barua pepe yenye jina la chuo, na mtu mmoja ofisini wa kujibu muuzaji anapouliza kama fulani anasoma kweli. Chuo ambacho bado hakijampa kila mwanafunzi anwani hiyo kinawanyima wanafunzi wake vitu vya maelfu ya dola kwa ajili ya kazi ya majuma machache. Makampuni ya migodi nayo, ambayo kwa sheria ya madini ya 2018 yanatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka, yanalalamika kila mara juu ya mafundi wasioandaliwa. Hakuna ubaya yakikumbushwa kwamba chumba cha kompyuta chenye leseni halali, katika shule ya ufundi ya eneo lao, nacho ni maendeleo.

Muda upo, ila una mwisho. Kwa kuwa Kongo inahesabiwa kati ya nchi maskini zaidi, Shirika la Biashara Duniani limeipa, pamoja na wenzake, ruhusa ya kutotumia sehemu kubwa ya mkataba wake juu ya mali ya akili mpaka tarehe 1 mwezi wa saba 2034. Ruhusa ya namna hiyo imeongezwa zaidi ya mara moja, na kila mara ilipita bila Kinshasa kuifanyia kazi. Wabunge wangeweza kuutumia muda huo kuandika upya ile sheria ya 1986: kutaja programu kwa jina, kueleza ni nani mwenye programu iliyoandikwa na mfanyakazi au mwanafunzi, kumfungulia mwandishi wa programu mlango wa kujiandikisha mjini kwake, na kuamua kwamba programu inayolipiwa na hazina ya serikali, iwe ya kura, ya kodi au ya vitambulisho, maandishi yake yawekwe mahali ambapo wataalamu wa nchi wanaweza kuyasoma.

Wenye vibanda hawahitaji kungojea bunge. Flashi moja ya gigabaiti 16 inabeba Linux nzima kwa ajili ya zile mashini ambazo Windows 10 imeziacha, pamoja na LibreOffice na QGIS, na nafasi inabaki. Kuinakili mara mia kwa siku hakuvunji sheria ya 1986, wala ya 2023, wala leseni ya yeyote, na mwenye kibanda anaruhusiwa kudai faranga zake za kazi kama kawaida.